Meno ya Tomi

Mzee Njoka alishika tochi kwa mkono mmoja na taya la Tomi kwa mwingine, akichungulia kama fundi aliyeitwa kuona choo kilichoziba. Tomi, kijibwa alichoachiwa na marehemu mkewe, alikuwa ameshtakiwa kwa kuitia nyumba nzima harufu.

Mshtaki alikuwa mkaza mwana wake, Wawira. Kila alipokuja kumjulia hali alifungua madirisha yote, akaweka chai mezani, akarudi kuketi karibu na mlango. Mjukuu Felicitas naye hakukubali kupakatwa, na hilo lilimuuma mzee kuliko baridi yabisi. Alipouliza kisa na maana, Wawira aliinamisha macho kwa ile adabu ambayo mzee alizoea kuisifu kanisani.

"Ni mdomo wa Tomi, Baba."

Basi mbwa akapelekwa Embu mjini kusafishwa meno. Mzee, aliyefikisha miaka sabini bila kumwonyesha daktari hata jino moja, aliona mbwa wa siku hizi wamedekezwa kupita kiasi. Daktari Mithika, ambaye maisha yake yote alikuwa wa ng'ombe, alimsikiliza kidogo tu, kisha akaomba wazungumzie nje penye upepo.

"Lazima alazwe na dawa, Mzee," alisema. "Na moyo wake umechoka, anaweza kosa kuamka. Ni kweli meno yakioza sumu inafika mpaka kwa figo. Lakini haya yake si mabaya hivyo. Mimi ningemwacha."

Mzee alipima. Huku Tomi, aliyemlalia miguuni tangu siku ya mazishi. Huku mjukuu wa pekee, asiyetaka kumkaribia. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno, na pua zote zilikuwa zimekubaliana. Daktari wa ng'ombe angejua nini?

"Msafishe," akasema.

Meno yalitoka meupe pe. Tomi hakuamka.

Mzee alimzika chini ya mparachichi, akalia bila kujificha. Alijifariji kwamba angalau mbwa wa watu hakufa bure.

Jumapili, ibada ilipoisha, Wawira alimleta Felicitas. Mzee alimnyanyua, akampakata, akamwinamia na kumuuliza habari za shule.

Mtoto aliziba pua, akamgeukia mamake.

"Mama, si ulisema ni Tomi?"