Spika za Mwenyekiti

Lori lilirudi kinyumenyume mpaka likakaribia kugusa dirisha la duka la vitabu. Mgongoni lilibeba spika nne, kila moja kubwa kama kabati la nguo, na zote zimetazama sokoni.

Mwenyekiti wa soko alisimama pembeni, mikono kiunoni, roho kwatu. Jana yake alikuwa amepita kibanda kwa kibanda: atakayekanyaga duka lile kesho saa kumi kusikiliza kitabu kikisomwa, basi kibanda hana. Na hizo spika nazo, ni barua iliyompa akili. Aliikuta Jumatatu chini ya mlango wa ofisi yake, haina jina, mwisho pameandikwa "Mpenda amani" tu. Ilimwambia asitume watu wa kupiga, ataonekana mbaya. Akodi spika kubwa kuliko zote, azigeuzie sokoni, apige muziki mpaka mwandishi wa kitabu achoke mwenyewe. Barua hiyo alitembea nayo mfukoni, akimwonyesha kila mtu kwamba hata miongoni mwa watu wa vitabu anao wake.

Mwandishi huyo wa kitabu alikuwa Shangazi, yule mshonaji. Aliandika kuhusu asubuhi ile, miaka ishirini na mbili nyuma, vilipobomolewa vibanda vya zamani, cherehani yake ikatupwa mtaroni, na kina nani walipewa zile nafasi. Majina yote yamo. Lakini sauti, jamani, Shangazi hana. Hata akigombana, jirani anadhani anabembeleza mtoto.

Ndani, mwenye duka, waliyemwita Mama Kurasa, alikuwa amepanga viti kumi na viwili, sita vyake, sita vya kuazima kwa kinyozi. Vyote vitupu. Alikuwa akimfundisha Shangazi desturi ya pale: ukimaliza kusoma, mtu akikuletea kitabu, usikurupuke. Unamuuliza, nikuandikie kwa jina gani, halafu ndiyo unatia sahihi.

"Nani ataniletea kitabu?" Shangazi akasema. "Dada, tuahirishe. Nitawasomea viti?"

"Wasomee. Vimekaliwa miaka yote havijaambiwa kitu."

Hapo akaingia fundi wa spika, waya begani. Shangazi alipomwona, moyo ukamshuka. Alikuwa ni Nguzo, mzee mwenye upara, waliyempa jina hilo kwa sababu miaka tisa alikuja kuegemea nguzo ya duka, anasoma kitabu kwa kusimama, anakirudisha, anakwenda zake.

"Hata wewe?" Shangazi akamwambia.

"Kazi ni kazi, Shangazi."

Akasema jenereta ya lori imegoma, anaomba umeme. Mama Kurasa hata hakusita. Akamwonyesha soketi, nyuma ya kiti chake mwenyewe. Nguzo akapitisha waya dirishani, akatoka, akarudi akapitisha na wa pili.

"Unawapa umeme wa kutuzomea?" Shangazi akamwuliza.

"Huyu ni mteja wangu."

"Mteja gani, hajanunua hata kalamu!"

Muziki ukalipuka. Vioo vikatikisika, na vumbi ambalo halijawahi kuguswa likashuka kutoka rafu za juu. Nje Mwenyekiti akaanza kutikisa mabega. Shangazi akafunga kitabu, akachukua mkoba. Mama Kurasa akamshika mkono, akamsogelea sikioni.

"Miaka ishirini na mbili mtu mmoja anakunyamazisha. Leo umepiga gauni pasi, umekuja kwa miguu yako. Kaa chini."

Akavuta droo, akatoa maiki kuukuu iliyofungwa kwa utepe, akaichomeka kwenye ule waya wa pili, akaiweka mezani. Kisha akaketi kwenye kiti chake, soketi nyuma yake, na Mama Kurasa akishaketi si mtu wa kunyanyuliwa. Nguzo naye akapanda ndani ya lori ilimokuwa mitambo, akazungusha kitu, akafunga mlango kwa ufunguo, akaja zake ndani kuegemea nguzo, kitabu mkononi.

Muziki ukakatika.

Shangazi akasogeza maiki. Akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma kwa sauti yake ileile ya kubembeleza.

Ikatokea kwenye makabati manne. Ikapita kwenye nyanya, ikapita kwenye mitumba, ikafika mpaka kwa wauza samaki, visu vikasimama. Na hakuna aliyevunja amri. Muuza vitunguu alikaa kwenye kibanda chake, fundi viatu kwenye chake, kila mtu kwake, ametulia tuli. Majina yakasomwa, la marehemu na la aliye hai. Alipofika pa kusema ni nani aliyejichukulia nafasi kumi na mbili, soko zima likageuza shingo, likamtazama mtu mmoja.

Mwenyekiti alishaning'inia kwenye mlango wa lori, haufunguki. Akakimbilia dukani achomoe umeme, akakuta Mama Kurasa kaketi. Akamgeukia Nguzo: zima hiyo takataka.

"Umekodi mpaka saa kumi na mbili, Mwenyekiti," Nguzo akasema, na macho hakuyatoa kwenye kitabu.

Ikabidi asimame palepale, katikati ya viti kumi na viwili vitupu, asikilize mpaka mwisho. Shangazi alipofunga kitabu, sokoni walipiga makofi, halafu sufuria, halafu madebe.

Mwenyekiti akachomoa barua mfukoni, imelowa jasho, akaibamiza mezani.

"Nataka kumjua aliyeandika hii."

Mama Kurasa akavaa miwani. Akaichukua barua, akainyoosha taratibu kwa kiganja, akafungua kalamu.

"Nikuandikie kwa jina gani?"