Ngumi Moja ya Mondo

Wakati wanyama walipokuwa bado wakipimana nguvu kwa ngumi, kila mmoja na wa uzito wake, alikuwako Nyegere ambaye hakuna aliyewahi kumwangusha. Alikuwa amepigana mara thelathini na tisa na kushinda zote. Wanyama wakasema wa kumshinda katika uzito ule hajazaliwa, wala hatazaliwa.

Wa arobaini alikuwa Mondo, mpole mwenye mikono mirefu. Katika raundi ya pili alimpiga Nyegere ngumi moja ya kidevu, kisha akarudi nyuma. Nyegere akabaki wima, macho wazi, bila kutikisika. Halafu Nyegere akaja mbele, na raundi haikwisha kabla Mondo hajalala chini.

Korongo, mwamuzi, akauinua mkono wa mshindi. "Huyu hashindiki!"

"Subiri, Mzee Korongo," alisema Nyegere, akamgeukia Mondo. "Ndugu yangu, mbona hukunipiga ya pili?"

"Ningethubutuje? Nilikupiga kwa nguvu zangu zote, nawe ukanitazama tu. Nikajua wanayoyasema juu yako ni kweli."

"Sikuwa nakutazama. Nilikuwa nimezirai nikiwa nimesimama. Nilimsikia marehemu mama akiniita. Ungenigusa hata kwa kidole, ningeanguka."

Korongo aliushusha polepole mkono aliokuwa ameushika. Mondo, damu ikimtoka puani, aliinua ngumi yake ya kulia akaitazama kwa muda mrefu, kama kitu alichopewa siku ile.