Kengele ya Tabitha

Mchungaji alishika kamba ya kengele lakini hakuivuta. Kanisani kwao, nyumba yenye mtu aliyeipinga Kanuni ya Imani haikupigiwa kengele ya msiba.

"Soma, Mzee Elikana. 'Mungu kweli kutoka kwa Mungu kweli.' Halafu tumzike mama."

Elikana, mwalimu wa katekisimu kwa miaka thelathini, aliitazama karatasi aliyopewa na Mchungaji.

"Maaskofu walikaa kikao wakakubaliana, Mchungaji. Yesu mwenyewe hakuulizwa."

"Soma."

Elikana akaligeukia jeneza la mkewe Tabitha, aliyeyaamini maneno yale mpaka pumzi ya mwisho. Akamsomea yeye tu, polepole, kama anayemlisha mgonjwa uji.

Kengele ikalia. Mchungaji akanyoosha mkono arudishiwe karatasi yake. Elikana akaiweka jenezani, akafunika, akaomba misumari.