Buu la Kambani

Mama Aikande alimwinamisha Elinami, mchumba wa bintiye, akamfunua shati na kulitazama buu la mgongoni kwa kioo cha kukuzia. Siku hizi cheo cha mtu kilifuata aina ya buu analolifuga chini ya ngozi, na aina ilisomwa kwenye matundu ya kupumulia, pale mkiani. Mistari ya matundu hayo iliyonyooka ni nzi wa daraja la kwanza, wa kupandikizwa kliniki. Iliyopinda ni nzi wa nguo, yule anayetaga kwenye nguo mbichi kambani.

"Imepinda kama njia ya mlevi," alisema, akijifuta vidole. "Buu la kuokota kambani! Kwenu hata pasi hamuijui? Shikamoo yako nimeipokea, sasa nenda."

Elinami alichomekea shati, akaaga kwa adabu. Aikande hakulia. Alirudi kwenye nguo za mama yake, maana ndiye aliyezipiga pasi kila siku, hadi leso, ili joto liue mayai.

Wiki iliyofuata kitu kilianza kumwasha Mama Aikande kiunoni, pale anapofungia kitenge. Palikuwa na kijipu chekundu chenye tundu katikati, ilhali buu lake la kliniki lilikaa begani. Ukaguzi wa mabuu mtaani ungefanyika Jumatatu. Wenye mistari iliyopinda walikuwa wakihamishiwa bondeni, kwa watu wa cheo cha chini.

"Aikande! Hivi vitenge ulivipiga pasi?"

"Nilivipiga vyote, mama." Binti aliendelea kukunja nguo bila kuinua macho. "Nikuletee kioo tuangalie?"

Mama Aikande alishusha blauzi upesi.

"Kioo cha nini? Ni mbu tu."