Malimbuko ya Mtemi Ngiri

Wachimba dhahabu walipoondoka, waliwaachia wanyama bonde lenye aseniki, sumu iliyoua hata magugu. Fuko, mchapakazi asiye na maneno mengi, akapanda makangaga, mimea inayostahimili sumu hiyo, na kwenye mizizi akatia vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu viliilegeza sumu udongoni, makangaga yakainywa.

Mtemi Ngiri alipita, akacheka. "Yaani magugu na vibarua wasioonekana ndio wataniokolea nchi?"

"Ndiyo, mtemi wangu."

Baada ya masika mawili bonde lilikuwa kijani tupu. Fuko akaja kuyakata makangaga ayapeleke mbali. Ngiri akamzuia.

"Mila unaijua. Kinachoota kwanza kwenye ardhi mpya ni malimbuko yangu. Unayapeleka wapi?"

"Mtemi, sumu yote imehamia kwenye majani. Kilichopona ni udongo."

"Wezi wote husema hivyo. Kaa kando!"

Ngiri akala mpaka jani la mwisho, tena kwa kupiga magoti, kama ngiri walavyo. Wapambe wake wakasema, oneni anavyoshukuru.

Hakumaliza siku mbili. Na kwa kuwa mila inataka mtemi azikwe kwenye udongo ulio bora kuliko wote, wakamzika katikati ya bonde.

Arobaini ilipopita, wapambe walimkuta Fuko akipanda makangaga juu ya kaburi. Machozi yakawalengalenga.

"Unampamba marehemu?"

"Hapana," alijibu Fuko. "Namtoa kwenye udongo."