Mkoba Mlangoni

Timu yetu ilishinda tatu kwa mbili, tena nyumbani, lakini kwa kinyozi yalizungumzwa ya kipa tu. Kinyozi aliacha kumnyoa fundi bomba, akatanua miguu, akaliachia taulo aliloliviringisha lipite katikati.

“Mpira umemjia unatambaa kama mtoto, jamani! Naye anaufungulia mlango!”

“Hivi yule ana kwao kweli?” akauliza muuza magazeti. “Nasikia baba yake yuko mtaa huu huu. Mzee, unamjua?”

Fundi bomba alikuwa na povu shavu moja. Akacheka nao. “Simjui. Ningekuwa mimi baba yake, ningehama.”

Wakaangua kicheko. Fundi alipoinua macho, akamwona mwanawe kwenye kioo, kipa mwenyewe, amesimama mlangoni na ule mkoba wa spana aliousahau nyumbani asubuhi.

Kicheko kikakatika.

“Shikamooni, wazee,” kijana akasema. Akauweka mkoba chini polepole, spana zisigongane. “Nimeuokota hapo nje. Sijui ni wa nani.”

Akaondoka.

Kinyozi akageuka na wembe mkononi. “Mkoba wa nani, jamani?”

Povu lilikuwa linamkauka fundi shavuni.