Radhi Mbele ya Kidato cha Pili

“Yule Chiriku, hata umtoboe kichwa umwagie hesabu kwa jagi, hazitaingia,” mwalimu alimwambia mkewe akipokea kikombe cha chai. “Swali moja anauliza mara tano. Mama yake angemtoa tu akajifunze kushona, kuliko kujisumbua kumnunulia bando.”

Alicheka peke yake. Kisha akageukia meza, na kicheko kikamkauka mdomoni. Darasa lilikuwa bado wazi. Wanafunzi thelathini na wanane wa kidato cha pili walikuwa wamekaa kwenye vidirisha vyao, wanamtazama. Pembeni ujumbe ulikuwa unamiminika, mmoja juu ya mwingine. Chiriku mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa, anaandika.

Mwalimu hakusoma hata neno. Aliifunga kompyuta kwa kishindo kama mtu anayeua nzi.

Tangu shule zifungwe na watu waambiwe wakae ndani, chumba cha kulala ndicho kilikuwa darasa, na mlango wa kabati la nguo ndio ubao. Mwalimu alikuwa na utaratibu wake. Kipindi kikianza tu, anabonyeza huku na huku, anazima vipaza sauti, asije akasikia majogoo na masufuria ya watu. Halafu anawapa mgongo na kuchapa kazi kwenye mlango wa kabati dakika arobaini bila kugeuka. Maswali mwishoni. Alipenda kujisifu kwa walimu wenzake kwamba darasa lake limetulia kama maji mtungini. Siku hiyo hata hayo maswali aliyasahau, maana chai ilikuwa imeshaingia.

“Umemtukana mtoto wa watu mbele ya wenzake,” mkewe alisema.

“Nitampigia simu mama yake, tuyamalize kimya kimya.”

“Mbele ya wenzake, baba watoto. Ulipomvunjia heshima ndipo utakapomwomba radhi.”

Miaka kumi na tisa ya chaki, na leo alijiona hafai hata kufuta ubao. Alimkumbuka yule binti anavyosomea kwenye ngazi za nyumba yao kwa sababu ndipo mtandao unaposhika, na simu ya mama yake ameiegemeza kwenye ndoo. Jina la Chiriku alipewa na wenzake kwa kuongea kwingi, naye akalipenda. Sasa nani atamsikia tena akiuliza kitu? Mwalimu aliona haya mpaka akashindwa kujitazama kwenye kioo cha kabati lake mwenyewe.

Kesho yake alifungua darasa dakika kumi kabla. Wote walikuwa wameshafika. Safari hii hakuzima sauti ya mtu yeyote. Angepata wapi uso wa kuwanyamazisha?

“Shikamoo, mwalimu!” Chiriku ndiye aliyetangulia, kama kawaida yake, tena kwa uchangamfu.

“Marahaba, mwanangu.” Moyo ulimuuma. Mtoto anajikaza kweli, alijisemea.

“Mwalimu, utarudia kipindi cha jana?” kiranja aliuliza.

Mwalimu aliona kwamba kijana anamfungulia mlango wa kupita kama vile hakuna lililotokea. Hakutaka kupita. Alivua miwani, akaiweka mezani.

“Siwezi kufundisha kabla sijasema jambo,” alianza. “Jana nilimsema mwenzenu vibaya. Nilisema Chiriku ana kichwa kigumu, kwamba hata akimwagiwa hesabu kwa jagi hazitaingia. Nilisema mama yake amtoe shule akashone. Hayo si maneno ya kusemwa na mtu mzima, sembuse mwalimu. Chiriku, mwanangu, nimekuaibisha mbele ya darasa zima. Basi mbele yao wote nakuomba, nisamehe.”

Alihisi mzigo umemshuka mabegani, na kwa mara ya kwanza tangu jana alipata ujasiri wa kuwatazama mmoja mmoja.

Kiranja alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Wasichana wawili walikuwa wameangalia chini. Kwenye ngazi zake, Chiriku alikuwa bado na kalamu hewani, na tabasamu la salamu lilikuwa linamtoka usoni polepole. Nyuma yake mama yake, mwenye futi ya kupimia nguo shingoni, alisimama mlangoni, akamwekea mkono begani.

Chiriku aliishusha kalamu.

“Mwalimu,” alisema, “jana ulijizimia sauti tangu mwanzo wa kipindi. Tulikuandikia mpaka tukachoka. Hatukusikia hata neno moja.”